Wosia kwa Mjukuu Anayeshika Usukani

Kajiado

Mjukuu wangu,

Nimeambiwa umepata leseni ya kubeba abiria, na kwamba kuanzia mwezi ujao utakuwa unaendesha matatu ya watu 14 kati ya Kitengela na Kajiado. Hongera sana. Habari yako njema imenifikia wiki ileile daktari aliponipa yangu, na kwa kuwa yangu haikuwa njema, nimeona niandike sasa, mkono ungali unaitii kalamu.

Mambo ya ng'ombe na ya kile kiwanja cha Kitengela yako kwa wakili. Baba zako wasigombane, kila kitu kimeandikwa. Wewe sikuachii ng'ombe. Nakuachia hesabu niliyoifundisha tangu nilipoajiriwa hadi nilipostaafu, hesabu ambayo wanafunzi wangu wengi waliipata vizuri kwenye mtihani kisha wakaiacha langoni mwa shule walipokuwa wakitoka: umbali ni kasi mara muda. Isome barua hii pamoja na dada yako. Yeye yuko kidato cha tatu na sasa wanafundishwa mwendo katika fizikia, kwa hiyo apitie kila tarakimu na kalamu nyekundu mkononi. Babu hatakasirika.

Sitakupa methali za haraka. Methali hizo zimebandikwa kwenye vioo vya matatu, na matatu zilizobandikwa ndizo zinazokimbia kuliko zote.

Shuleni mlichorewa pembetatu: umbali juu, kasi na muda chini, ukifunika kimoja kwa kidole, viwili vinavyobaki vinakupa jibu. Sikuwahi kuipenda pembetatu hiyo. Mtoto anapata alama zake bila kujua alichohesabu, na siku akipoteza kidole cha kufunikia hana kitu. Kasi ni umbali unaoumaliza katika kipande kimoja cha muda, basi. Dashibodi ikisema 80, inasema kwamba ukiendelea hivyohivyo bila kubadilika, saa ikiisha utakuwa umeacha kilomita 80 nyuma yako. Katika nusu saa ni 40. Katika dakika sita ni kilomita nane. Katika dakika moja ni kilomita moja na theluthi. Endelea kushuka hadi ufike sekunde moja, nawe utakuta mita 22.

Hapo kwenye sekunde ndipo nataka ukae. Dashibodi huhesabu kwa saa, lakini punda hakatizi barabara kwa saa. Ili utoke kwenye kilomita kwa saa uingie kwenye mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6, kwa sababu saa ina sekunde 3,600 na kilomita ina mita 1,000. Kwa hiyo 50 ni mita 14 kila sekunde, 80 ni mita 22, 100 ni mita 28, na 120 ni mita 33. Zishike hizo nne kama unavyoshika namba ya simu ya mama yako. Sasa simu ikilia, ukainamisha macho kusoma ujumbe wa M-Pesa kwa sekunde nne tu huku ukienda 80, umeendesha watu 14 karibu mita 90 bila dereva.

Na gari lenyewe halijui umbali. Linahesabu mizunguko ya magurudumu. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 65 husonga mita mbili na kidogo kila linapozunguka, hivyo kilomita moja ni mizunguko kama 490. Nakuambia hili kwa sababu najua mapenzi yenu ya kuvalisha magari matairi makubwa. Ukiweka tairi kubwa kuliko lile ambalo gari liliundiwa, kila mzunguko unakula ardhi zaidi, na mshale unabaki ukisema 80 wakati unaenda zaidi ya hapo. Ukitaka kumhoji mshale, tafuta kipande cha barabara ambacho umehakikisha ni kilomita moja kamili, ushikilie mwendo bila kubadilisha, na konda akuhesabie sekunde. Chukua 3,600 ugawanye kwa sekunde hizo. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa. Sekunde 36 ni 100. Sekunde 30 ni 120. Abiria naye anaweza kufanya hesabu hiyo kimyakimya akiwa kiti cha nyuma, na siku hizi wapo wanaoifanya.

Kabla ya dashibodi sisi tulipima njia kwa muda. Nilipokuwa kijana tuliswaga ng'ombe kutoka huku Kajiado hadi Athi River, kwenye Kenya Meat Commission, shirika lililoundwa mwaka 1950. Njia hiyo ni kama kilomita 60. Ng'ombe anayeswagwa bila kusumbuliwa huenda kilomita tatu, pengine nne kwa saa, na mwenye haraka angegawanya 60 kwa nne aseme tutafika kwa saa 15. Hatukufika kwa saa 15 hata mara moja. Ng'ombe hunywa, hula, hulala, hukataa kuvuka mto, na mchungaji naye ana tumbo. Tulichukua siku tatu au nne. Ukigawanya umbali wote kwa muda wote tuliokuwa njiani, usiku ukiwemo, unapata chini ya kilomita moja kwa saa. Wazee waliotutuma hawakuwa wavivu. Walijua kwamba dume aliyekimbizwa hufika amekonda, na kule kiwandani pesa zilifuata uzito.

Hizo ndizo kasi mbili ambazo madereva huzichanganya. Iko kasi ya sasa hivi, ambayo mshale unaionyesha. Iko kasi ya wastani, ambayo ni umbali wote kugawanywa kwa muda wote, foleni zikiwemo, na hiyo haina mshale. Safari yako itaamuliwa na hiyo ya pili.

Hata kwa mtu anayekimbia peke yake bila foleni, wastani huficha mambo. David Rudisha, Mmaasai mwenzetu wa Kilgoris, alikimbia mita 800 mjini London tarehe 9 Agosti 2012 kwa dakika moja na sekunde 40.91, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika moja na sekunde 41. Dada yako agawanye: mita 800 kwa sekunde 100.91 ni mita 7.93 kila sekunde, yaani kilomita 28.5 kwa saa, mwendo ambao bodaboda zenu za Kitengela hutumia mitaani. Lakini mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa sekunde 49.28 na wa pili kwa 51.63. Alianza na kilomita 29 kwa saa na ushei, akamalizia chini ya 28. Ile 28.5 aliigusa tu akiwa anapita kutoka huku kwenda kule. Na bado ndiyo inayotupa umbali sahihi tukiizidisha na muda wake, na kazi ya wastani ni hiyo.

Ngoja nikupe jambo moja la machungani, si la barabarani, kwa sababu bado unakwenda kwa shangazi yako na mifugo ipo. Mvua za hapa kwenye tambarare za Kaputiei huonekana zikija kutoka mbali. Ukiona radi imemulika, anza kuhesabu sekunde hadi ngurumo ikufikie. Mwanga hufika hapohapo. Sauti huja taratibu, mita kama 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Ukihesabu tisa, radi iko kilomita tatu kutoka uliposimama. Baada ya dakika tano hesabu tena. Ukipata sita, imekuwa kilomita mbili. Basi wingu limekuja kilomita moja kwa dakika tano, ambayo ni 12 kwa saa, na litakufikia baada ya dakika nyingine kumi. Boma liko kilomita moja na ng'ombe wanaenda nne kwa saa? Wanahitaji dakika 15. Mtalowa, lakini msiwe mmesimama chini ya mgunga mkubwa wakati huo. Usitegemee radi moja tu, maana hazipigi mahali pamoja. Hesabu kadhaa uone mwelekeo. Hesabu hii ilinifaa kabla sijaingia darasa lolote la fizikia, kwa kuwa mchungaji aliyenifundisha aliijua kwa kupumua: alihesabu pumzi.

Turudi kwenye matatu yako. Kutoka Kitengela hadi Kajiado ni kama kilomita 50, na Isinya iko karibu katikati. Tangu barabara ya Athi River hadi Namanga ilipojengwa upya, pamoja na ile ya Arusha, lami imekuwa nzuri, imenyooka, na inamtongoza dereva. Sasa tazama inachokulipa. Ukienda 80 bila kusimama, utafika kwa dakika 37 na nusu. Ukienda 100, dakika 30. Umeokoa saba na nusu. Ukiongeza 20 nyingine ukawa 120, utafika kwa dakika 25: umeokoa tano. Ukiongeza 20 tena ukafika 140, Mungu apishe mbali, umeokoa tatu na nusu. Nyongeza ni ileile ya 20, malipo yanapungua kila mara. Lakini mtu aliyekuwa akienda 40 akapanda hadi 60 ameokoa dakika 25 nzima kwenye njia hiyohiyo! Kwa maneno mengine, muda wenye thamani hupotea pale unapokwenda polepole sana, na hapo hapatengenezwi kwa kukanyaga mafuta kule Isinya.

Najua utasema: babu, mwenye gari anataka hesabu yake jioni, lazima nipige tripu nyingi. Sawa, tuzihesabu tripu. Tuseme siku yako ni ya saa 12, yaani dakika 720. Kwenda na kurudi ni kilomita 100. Na tuseme kila steji unakaa dakika 50 ukingoja zamu na kujaza. Kwenda na kurudi ni dakika 100 umesimama. Ukienda 80, unaendesha dakika 75, ukijumlisha na steji ni 175. Gawanya 720 kwa 175: tripu nne na masalio. Ukienda 100, unaendesha dakika 60, jumla 160. Unapata tripu nne na nusu, na nusu tripu hailipwi na mtu, ni nne. Ukienda 120, unaendesha dakika 50, jumla 150. Ni nne na masalio makubwa. Umehatarisha roho 14 mara nane kwa siku na mwenye gari hajapata hata shilingi moja zaidi.

Tripu ya tano iko wapi? Gawanya 720 kwa tano: 144. Toa dakika 75 za kuendesha kwa 80, zinabaki 69, ambazo ni kama dakika 35 kila steji badala ya 50. Tripu ya tano iko steji. Iko kwa konda anayejua kuita watu, kwa kuondoka nyumbani mapema ili uwe wa kwanza kwenye zamu, kwa kuwashukisha abiria bila kubishana chenji. Dakika zangu ni za mfano. Weka zako, dada yako akukagulie. Ukikuta kwamba kwako mwendo ndio unaoleta tripu ya tano, kabla ya kusherehekea soma sehemu inayofuata hadi mwisho.

Lakini kwanza swali ambalo nilikuwa nawapa wanafunzi siku ya Ijumaa, wakalibeba hadi Jumatatu. Gari linatoka Kitengela kwenda Kajiado, kilomita 50, na dereva anataka wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kwa sababu ya foleni na matuta, kilomita 25 za kwanza amezienda kwa wastani wa 30. Je, kilomita 25 zilizobaki aende kwa kasi gani ili apate wastani wake? Karibu darasa zima lingejibu 90, kwa sababu 30 na 90 ukizigawanya kwa mbili ni 60. Jibu si 90. Wala si 120, wala 200. Wastani wa 60 kwa kilomita 50 unataka dakika 50. Kilomita 25 kwa kasi ya 30 zimekula dakika 50. Muda umeisha pale Isinya, na hajabakiza hata sekunde ya kwenda nayo Kajiado. Hata umpe ndege ya jeshi. Wastani hugawanywa kwa muda, hivyo mwendo wa pole una uzito mkubwa kuliko wa kasi, kwa kuwa hukaa nao muda mrefu zaidi. Ukienda 40 na kurudi 60 kwa njia ileile, wastani wako ni 48, si 50. Asiyeamini achukue kalamu.

Nakuomba ukumbuke swali hilo kila Ijumaa jioni, wakati magari yamebanana Kitengela tangu daraja hadi mwisho wa maduka, na abiria nyuma anakuambia "dere, fidia." Hakuna cha kufidia. Muda ule umekwenda.

Sasa kuovateki. Hapa nitakaa kidogo.

Barabara ya Namanga ni njia ya matrela ya kwenda Tanzania, na ni njia ya malori ya mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya saruji vya Athi River. Utakuwa nyuma ya mojawapo kila siku. Tuseme trela lina urefu wa mita 18 na linaenda 60. Wewe unaenda 80. Dereva mgeni hufikiri anapita kwa kasi ya 80. La. Trela nalo linasonga. Unalipita kwa tofauti tu, 20 kwa saa, ambayo ni mita tano na nusu kila sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia. Unatoka mita 20 nyuma yake, unapita mita zake 18, gari lako mwenyewe ni mita tano, na unaacha mita 20 mbele yake kabla ya kurudi. Jumla mita 63. Gawanya kwa tano na nusu: unapata zaidi ya sekunde 11 ukiwa upande usio wako.

Sekunde 11 hizo, wewe unakula mita 22 kila moja, yaani mita 250 za lami. Aliye mbele anayekuja kwako kwa 100 anakula 28 kila sekunde: mita 315. Jumlisha. Ili ulipite trela moja kwa usalama unahitaji zaidi ya mita 560 za barabara tupu mbele yako, na unahitaji kuziona zote wakati unaanza. Kama kuna mlima, kona, vumbi la mifugo au giza, huzioni. Usiku ni mbaya zaidi, maana taa mbili zinazokuja hazikuambii kama ziko umbali gani wala zinakuja kwa kasi gani. Unajua moja tu kati ya vitu vitatu vya hesabu, nacho ni muda unaouhitaji. Kwa kitu kimoja huwezi kupata jibu. Ngoja. Trela la 60 likikubana kwa kilomita nne nzima, limekuchelewesha kwa dakika moja kamili. Kilomita nne kwa 80 ni dakika tatu, kwa 60 ni dakika nne. Dakika moja! Watu wanazikwa kila mwezi kwa dakika hiyo.

Na kusimama. Mwaka 1638 Galileo alichapisha kitabu ambamo alieleza alivyoviringisha mipira kwenye ubao ulioinama, akapima muda kwa kupima maji yaliyovuja kutoka kwenye chombo, kwani saa za sekunde hazikuwapo. Aliona kwamba kitu kinachozidi kupata kasi kwa kiwango kilekile hakiendi umbali maradufu kwa muda maradufu. Kinaenda mara nne. Breki ni mpira huo ukirudishwa nyuma. Ukiongeza kasi maradufu, breki zinahitaji umbali mara nne.

Tuseme unaona mtoto wa mbuzi, au mtoto wa mtu, ameingia barabarani. Jicho, akili na mguu vinahitaji kama sekunde moja na nusu kabla breki haijashika, na muda huo gari halijui kwamba umeona kitu. Kisha tuseme lami ni kavu, matairi ni mapya, na breki zinapunguza mita sita kwa sekunde, kila sekunde. Ukiwa na 50 kwa saa, utasimama baada ya mita 37. Ukiwa na 80, mita 75. Ukiwa na 100, mita 106. Ukiwa na 120, mita 143. Mvua ikinyesha, au gari likiwa limejaza watu na magunia, ongeza.

Lakini tarakimu niliyotaka uibebe ni hii. Matatu mbili zinakwenda sambamba, moja 80 na nyingine 100, na madereva wawili wanaona mtoto kwa pamoja, wanakanyaga breki kwa pamoja. Ya 80 inasimama baada ya mita 75, pua yake karibu na mtoto. Ile ya 100, mahali palepale, bado inakwenda. Kwa kasi gani? Wanafunzi husema 20, kwa sababu 100 ukitoa 80 inabaki 20. Dada yako afanye hesabu: katika mita 75 hizo, 42 ziliishia kwenye kushtuka, zikabaki 33 za breki, nazo ni nusu tu na kidogo ya umbali wa breki unaohitajika. Inapofika pale ilipo pua ya ile nyingine, inakwenda karibu 70 kwa saa. Tofauti ya 20 kwenye dashibodi imekuwa 70 kwenye mwili wa mtoto. Nilipoiandika hesabu hii ubaoni, darasa lilinyamaza, kisha wa nyuma akaniambia "mwalimu, rudia." Nikarudia.

Ndiyo sababu sikuwahi kuwacheka watu wa serikali kwa sheria zile za waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004: mikanda kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, na kidhibiti mwendo kinachozuia gari la abiria lisipite 80. Wenye magari waligoma, watu wakatembea kwa miguu. Mafundi wa kukichezea kidhibiti hicho walikuwapo tangu mwezi wa kwanza, na watakuja kwako pia na bei nzuri. Mwambie fundi akuonyeshe kwanza jinsi atakavyoirekebisha ile 70. Na kumbuka kidhibiti mwendo hakijui mji. Ndani ya Kitengela na Kajiado sheria inasema 50, na pale sokoni Kitengela, kwa wingi wa mikokoteni na watoto wa shule, hata 50 ni nyingi. Nenda 30, utasimama kwa mita 18.

Ile saa yangu ya kupimia mbio, yenye kamba nyeusi, ni ya dada yako. Ubao mdogo na chaki ni vyenu wote wawili. Kitabu cha logi usikitupe, mama yako anakipenda ingawa hakisomi.

Limebaki la safari yangu mwenyewe. Nataka nizikwe huku Kajiado, na inaelekea nitatolewa mochari ya Nairobi. Kutoka huko ni kama kilomita 80. Msafara wa mazishi hauendi 80; huenda kwa gari la pole kuliko yote, na mkipata wastani wa 40 mmefanya vizuri. Hizo ni saa mbili. Watu wa Kitengela watajiunga njiani, wapeni nusu saa, maana wapo watakaosema wako karibu wakati bado wanavaa. Ibada ianze saa nne asubuhi. Toa saa mbili na nusu kutoka saa nne: mwanze safari saa moja na nusu. Karatasi, kuvalisha na nyimbo za kina mama pale mochari huchukua saa nzima, kwa hiyo wa kwanza wawe getini saa kumi na mbili na nusu. Lori la viti na mahema lisifuatane na msafara. Litoke jana yake jioni, kwa sababu likiwa limejaa halipandi zaidi ya 40, na mtu mmoja mwenye gari jipya atataka kulipita mbele ya kona ili aonekane amefika.

Gari la jeneza aendeshe mwingine. Wewe wabebe bibi zako, na wakianza kukuambia uongeze mwendo kwa kuwa pilau inapoa, dada yako awasomee ile sehemu ya matrela.

Babu yako.